Kitanda cha Mbao za Stoo

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wala kumsalimu mtu, Phanice hutoka na leso yake mabegani, huvuka ua hadi kwenye stoo ya mahindi, huinama na kubandika sikio kwenye nguzo. Hufumba macho. Hutulia hivyo kwa muda, kisha huhamia nguzo inayofuata, na nyingine, mpaka awe ameizunguka stoo yote. Anaporudi jikoni shavu lake moja huwa limepoa kwa baridi. Ndipo husema, "Wamelala," au husema, "Leo tuanike," na Kiplangat, mumewe, hujua siku yake itakavyokuwa.

Walipooana Kiplangat alidhani ni maombi. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Unasikiliza redio gani hiyo?"

"Ya dumuzi," Phanice alimjibu. "Kuja usikie."

Akainama naye. Mwanzoni hakusikia chochote ila ng'ombe wa jirani. Kisha, ndani kabisa ya ule mti, akasikia kitu kama mtu anayetafuna sukari guru mbali sana. Alirudisha kichwa nyuma kama aliyeungua. Dumuzi, yule mdudu mweusi mdogo kuliko punje ya mtama, alikuwa kazini. Akiingia kwenye mahindi huyafanya unga, na mahindi yakiisha hageuki kwenda zake, hula mbao. Wengi huku Kitale humjua akishamaliza gunia. Phanice alimjua angali anaanza. Alifundishwa na mama yake, aliyekuwa akisema asubuhi ndiyo saa ya kusikiliza, kabla trakta na jogoo na watoto wa shule hawajaanza kelele zao.

Tangu siku hiyo Kiplangat hakumcheka tena, ingawa wengine walicheka. Mwenyewe ni dereva wa trakta, mtu wa kulima mashamba ya watu, na trakta humfanya mtu apige kelele hata anapoomba chumvi. Mke wake hakuwa hivyo. Alifanya kazi mjini, kwenye ghala moja la nafaka, kushona midomo ya magunia kwa shazia na uzi wa katani, na alikuwa na mazoea ya kumaliza jambo kabla ya kulizungumzia. Wanawake wa rika lake pale kijijini waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye, kwa kuwa hakuwa amejaliwa mtoto, aliitwa Phanice tu, hata na vijana. Hakulalamika. Lakini Kiplangat aliwahi kumwona sokoni, jinsi alivyogeuka haraka mtu aliposema "Mama," kisha akageuka tena polepole alipogundua kuwa anayeitwa ni mwingine.

Kiplangat alikuwa na mtoto. Kabla ya Phanice alikuwa ameoa Naliaka, msichana wa upande wa Lugulu, kule Bungoma. Naliaka aliugua akafariki, akaacha msichana mdogo aitwaye Ivy. Baba wa kushinda shambani juu ya trakta angemlea vipi mtoto asiyejua hata kufunga kiatu? Basi Ivy alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, Mama Pauline, akalelewa Lugulu akimwita "kukhu," kama watoto wote wa Kibukusu wanavyowaita bibi zao. Baba yake alimwona sikukuu za Krismasi na siku chache za likizo.

Sasa Ivy alikuwa na miaka minane, na magoti ya Mama Pauline yalikuwa yamechoka. Hakuweza tena kumpeleka mtoto shule wala kumkimbiza aoge. Mwezi wa kumi na moja aliwaita Kiplangat na Phanice Lugulu, akawapa chai na viazi vitamu, akasema neno lake akitazama mlango, kwa sababu mama mkwe hamkazii mkwe wake macho.

"Mtoto ni wenu. Mwezi wa kwanza nitamleta. Lakini mtoto wa Naliaka hatalala chini kwa nyumba ya mama wa kambo. Nitakuja kuangalia mahali atalala. Nikipenda, nitamwacha. Nisipopenda, tutarudi na yeye, na msiniulize tena."

Hakumtazama Phanice hata mara moja. Hakutumia jina lake pia. Alisema "huyu mama."

Njiani kurudi Kiplangat alisema, "Hiyo si shida. Tutanunua kitanda cha chuma. Si viko vingi mjini?"

"Hapana," Phanice akasema.

"Hapana nini?"

"Nitamtengenezea."

Kiplangat alifikiri ni uchungu tu wa kuitwa "huyu mama," akanyamaza ili upite. Haukupita. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alimkuta mkewe juu ya ngazi, anang'oa mbao za stoo.

Stoo ile ilikuwa kubwa kuliko mahitaji yao. Ilijengwa enzi za baba yake Kiplangat, wakati shamba lilikuwa halijagawanywa, imeinuliwa juu ya nguzo, na kuta za mbao zilizoachiwa nafasi ili upepo upite. Siku hizi wengi hutia mahindi yao kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na nusu ya stoo ilikuwa kazi yake kubeba kuku wanaolala juu. Hiyo nusu ndiyo Phanice aliyoitaka.

"Mbao za stoo?" Kiplangat aliuliza. "Mtoto alale kwa stoo?"

"Hizi zimekauka kuliko mbao yoyote inauzwa Kitale. Hizo za yadi ni mbichi. Unaweka leo, mwezi ujao imepinda kama ndizi."

Hapo alisema kweli. Kisha akamweleza, bila kushuka kwenye ngazi, kitanda alichokuwa nacho kichwani.

Mama yake Phanice alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya shamba upande wa Endebess, nyumba ya zamani yenye paa refu na bomba la moshi la mawe. Phanice, angali mdogo, alikuwa akitumwa kupeleka shuka zilizonyooshwa. Katika chumba cha mtoto wa nyumba ile kulikuwa na kitanda cha mbao pana zisizo na urembo wowote, na ubao wake wa kichwani ulikuwa umetengenezwa kama geti la boma la ng'ombe: mbao zimelala, na nyingine mbili zimekatiza juu yake kwa msalaba wa pembe hadi pembe. Kilionekana kama kitu kisichoweza kusukumwa. Hakuwahi kukikalia. Aliweka shuka akatoka.

"Sasa wewe ndio unataka kulala?" Kiplangat alimtania.

"Mimi niko na kitanda," alisema. "Nipokee hii mbao."

Kilichofuata kilimfundisha Kiplangat kuhusu mkewe mambo ambayo ndoa yote haikuwa imemfundisha. Kwanza zile mbao hazikuingia nyumbani. Kwa miaka mingi zilikuwa zimemwagiwa dawa ya mahindi, na Phanice hakutaka mtoto alale akipumua unga wa dawa. Alizisugua kwa maji ya moto, sabuni na brashi ya katani, akazianika, akazisugua tena, akazianika tena, mpaka mikono yake ikawa na nyufa kama matope ya kiangazi. Kisha akaenda ng'ambo ya barabara kwa Zachary, fundi wa mbao, akaazima randa yake.

Zachary alikuwa mzee mwenye maneno mengi na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Alimpa randa, lakini akaifuata. Alikuja akasimama kando ya ua, mikono nyuma.

"Phanice, hiyo randa unaivuta kama unasaga wimbi."

"Inakata ama haikati?"

"Inakata. Lakini inalia."

"Wacha ilie."

Alipoona ule ubao wa kichwani umeanza kuchukua umbo, Zachary alimwita Kiplangat kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kiplangat! Ati huyu bibi yako anajenga kitanda ama geti? Usiku ng'ombe zikipita, msishangae!"

Watu waliokuwa wakipita walicheka. Phanice naye alicheka, misumari ikiwa mdomoni, na akaendelea. Alikuwa akitoka ghalani alasiri, anabadilisha nguo, anafanya kazi mpaka jua linaposhuka nyuma ya Mlima Elgon, basi. Hakuwa na haraka. Akikosea kipimo hakulazimisha, alikata tena. Pembe za kitanda hakuzipigilia misumari. Alizitoboa kwa drili ya Zachary akatia bolti na nati, ili kitanda kiweze kufunguliwa na kufungwa, kwa sababu mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa mwembamba na yeye alikuwa ameupima kabla ya kukata ubao wa kwanza. Wanaume wawili kijijini walikuwa wamejenga kabati zilizokwama sebuleni mpaka leo. Kiplangat alilifikiria hilo akaamua kutolitaja mbele za watu.

Miguu minne aliichagua kutoka kwa nguzo za nje za stoo, minene, ya mti wa mlimani ambao sasa hauuzwi. Kabla ya kuikata, aliilaza uani, na kila asubuhi, katika baridi ya Desemba, alitoka na leso yake mabegani akaisikiliza mmoja mmoja.

"Wamelala?" Kiplangat aliuliza.

"Hawako," alisema. "Imetulia kabisa."

Akaipiga msasa, akaipaka vanishi isiyong'aa. Kitanda kilipokamilika Kiplangat alikaa pembeni yake, kisha akalala chali na buti zake, kisha akaruka kidogo. Hakikulia. Alifikiri juu ya vitanda vyote alivyolala maishani, jinsi kila kimoja kilivyokuwa kikitangaza kwa jirani kila alipogeuka. Akamtazama mkewe aliyekuwa akifagia vumbi la msasa, akasema, "Hiki kitatuzika."

"Toa buti," Phanice akasema.

Mama Pauline alikuja Jumamosi ya kwanza ya Januari, wakati wa jua la saa saba, katika gari la mwanawe Kevin, ndugu yake marehemu Naliaka. Ivy alishuka wa mwisho, akiwa na sweta licha ya joto, akikumbatia begi lake la shule kifuani. Alisalimia kwa kunong'ona. Phanice alimnyooshea mkono, akamwita kwa jina, na hakumlazimisha chochote zaidi.

Viti vilikuwa vimewekwa sebuleni, lakini Mama Pauline alitaka kukaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Chai ikanywewa. Kiplangat alikaa mbali kidogo, kama ilivyompasa, akijibu maswali yaliyopitia kwa Kevin. Baada ya kikombe cha pili Mama Pauline alipangusa mdomo.

"Sasa. Huyu mtoto atalala wapi?"

Kiplangat akainuka. "Chumba chake kiko hapo ndani, mama, cha pili."

Hapo Kiplangat akajua alichosema. Mama mkwe haingii vyumba vya mkwe wake. Hufika sebuleni, na hata hapo akiwa amealikwa sawasawa; lakini kupita pazia kwenda wanakolala, hapana, wala halali usiku mmoja chini ya paa lile. Wote walilijua hilo tangu Novemba, na wala hakuna aliyejiuliza Mama Pauline angekionaje kitanda.

"Mimi siwezi ingia huko," alisema, akitazama chai yake. "Na nimesema lazima nione. Kevin, wewe utaingia uniambie?"

"Mimi najua nini na vitanda, mama?" Kevin akasema. "Mimi hulala popote."

"Hata kwa mtaro, najua."

Ikiwa mama hangeona, mtoto angerudi Lugulu, na maneno ya Novemba yalikuwa wazi: msiniulize tena.

"Tutakitoa nje," Phanice akasema.

Mama Pauline aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Kitanda mzima?"

"Kinafunguka."

Akaingia na spana. Walimsikia ndani, nati moja baada ya nyingine, kisha mbao zikaanza kutoka mlangoni, Kevin na Kiplangat wakizibeba, na Zachary naye, aliyekuwa ameona gari la wageni na kuvuka barabara bila kuitwa. Phanice alikifunga tena katikati ya ua, juani, akatandika godoro na shuka ya maua. Kitanda kilisimama pale kama kilichoota.

Ivy aliweka begi chini. Alikizunguka kitanda, akapitisha kidole kwenye ule msalaba wa kichwani, kutoka pembe ya chini mpaka ya juu.

"Kukhu," alinong'ona, "ni kama geti ya ng'ombe zako."

"Nilisema!" Zachary akadakia. "Hata mtoto ameona!"

"Nyamaza wewe," Mama Pauline alimwambia mtu asiyemjua hata jina. Alikuwa amesimama. Alishika nguzo ya kitanda akaitikisa, haikutikisika. Alipiga ubao kwa ngumi. Alikagua bolti, akakagua chini ya godoro, akanusa mbao, na kama alitafuta harufu ya dawa hakuipata. Kisha, bila kumwuliza mtu, akavua viatu, akaketi, akainua miguu mmoja mmoja kwa mikono miwili, akalala juu ya kitanda cha mtoto katikati ya ua wa mkwe wake, kitambaa cha kichwa kikimwangukia jicho moja.

Kevin aligeuka kando asionekane akicheka. Kiplangat hakucheka. Aliona uso wa yule mama ukilegea kidogo kidogo, na moyo wake ukaanza kushuka mahali pake.

Halafu uso ukakaza tena.

"Kevin. Zima hiyo muziki ya gari."

Kevin akaenda kuuzima muziki aliokuwa ameuacha ukicheza tangu wafike.

"Kuna kitu inakula," Mama Pauline alisema, akiwa bado amelala, macho juu. "Hapa chini. Ndani ya hii mti. Inakula."

Kiplangat alifikiri: mtoto ameenda. Akafungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe, umevaa nguo za ukweli. "Ni jua, mama. Mbao ikipata jua hujinyoosha. Hulia hivyo."

Ulikuwa uongo mzuri. Hata Zachary, ambaye ni fundi, aliitikia kwa kichwa, kwa sababu mbao hulia kweli juani. Mama Pauline mwenyewe alionekana kuutafakari.

Phanice alikuwa tayari amepiga magoti. Alibandika sikio kwenye mguu wa karibu, akahamia wa pili, akahamia wa tatu. Hapo akakaa. Kiplangat, aliyeujua ule uso kwa asubuhi nyingi, hakuhitaji kuambiwa.

"Si jua," Phanice alisema akiinuka. "Ni dumuzi. Ni kosa langu, mama. Nilisikiliza asubuhi."

"Asubuhi ina nini?"

"Stoo ikiwa na mahindi huwa na joto lake, hata asubuhi unamsikia. Hizi mbao zilikuwa tupu, zimelala nje kwa baridi. Alikuwa amenyamaza kwa sababu ya baridi, mimi nikasema hayuko. Sikufikiria. Nimesikiliza vile mama yangu alisikiliza." Akachukua spana. "Shuka kidogo, mama, tafadhali."

Mama Pauline akashuka. Phanice aliufungua ule mguu, akautoa, akauweka juu ya gogo la kupasulia kuni na kuupiga kwa shoka. Mti uliochukua siku nzima kupigwa msasa ulipasuka kwa pigo moja. Ndani kulikuwa na vijia vyembamba vyembamba, na unga laini ukamwagika, na katika ule unga wadudu weusi wakaanza kutembea bila haraka, kama wenye nyumba waliofunguliwa mlango. Ivy alisogea kuangalia. Phanice alikusanya kila kipande akakitia kwenye moto uliokuwa chini ya sufuria ya maharagwe, akafagia na ule unga, akautia pia.

Kitanda kikabaki na miguu mitatu, kimeinamisha pembe moja chini kama ng'ombe anayetaka kulala.

Mama Pauline alivaa viatu vyake polepole.

"Mume wako alikuwa amekutoa kwa shida," alisema. "Mimi nilikuwa karibu kuamini hiyo maneno ya jua. Kwa nini hukunyamaza, utengeneze nikienda?"

Kiplangat alitazama chini. Angetoa trakta, kama ingekuwa yake, ili asiwe pale.

"Wewe ungeenda," Phanice alisema. "Mtoto ndiye angelala nao."

"Na leo atalala wapi, na kitanda imevunjika?"

"Kwa changu, na mimi. Baba yake atalala kwa kiti. Hizi mbao zingine nitazifungua zote leo, nizipandishe juu ya mabati zipate moto, nizisikilize saa saba ya jua moja moja. Ile iko na kitu nitachoma. Hakuna kitu ya hii kitanda itarudi kwa hiyo chumba kabla sijaisikiliza ikiwa moto."

Hakusema zaidi. Hakuomba apewe nafasi, na hakusema jinsi mikono yake ilivyopasuka kwa kusugua. Mikono yenyewe ilikuwa pale imeshika spana, na Mama Pauline alikuwa akiitazama.

Kevin alitazama jua. "Mama, kama tunarudi, ni sasa. Barabara ya Kimilili ni mbaya, na wewe hulali hapa."

Mama Pauline akamwita Ivy, akamrekebishia kola, akamsemesha Kibukusu maneno machache ambayo Kiplangat hakuyapata. Kisha akaanza kuelekea kwenye gari, fimbo mkono mmoja na kibeti mkono mwingine. Begi la Ivy lilibaki pale chini, karibu na kitanda. Kiplangat alilitazama lile begi. Aliogopa kulishika, asije akawakumbusha.

Karibu na gari yule mama alisimama, kwa sababu kulikuwa na mtaro mdogo wa kuvuka.

"Mama Ivy," aliita bila kugeuka, "kuja unishike mkono."

Hakuna aliyeitika. Kwa muda Kiplangat alidhani anamwita marehemu, kama wazee wanavyofanya wakichoka. Kevin naye alikunja uso. Phanice alikuwa ameinamia bolti.

"Mama Ivy! Ama huko Kitale watu hawana masikio? Na mimi nimeambiwa wewe ndio unasikia hata wadudu."

Phanice aligeuka. Safari hii hakugeuka tena polepole. Aliiweka spana chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaenda akamshika Mama Pauline mkono, wakavuka mtaro pamoja.

Kiplangat alilala kwenye kiti, miguu ikining'inia, kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, na kila mtu kijijini alijua na kumuuliza habari za shingo. Ua wao uligeuka kichekesho: mbao juu ya mabati, na kila saa saba, Phanice akipata nafasi ya kutoka ghalani, alionekana juu ya ngazi amelaza sikio kwenye ubao wa moto, na chini ya ngazi mtoto ameushika ubao mwingine sikioni, amefumba macho vilevile. Ubao mmoja wa pembeni ulipatikana na hatia, ukaenda jikoni. Nyingine zote zilikuwa safi. Mguu wa nne ulitoka kwa Zachary. Aliuleta mwenyewe begani, mti mweusi mzito aliokuwa ameuficha chini ya meza yake.

"Huu umekauka tangu nikiwa na nywele," alisema. "Mama Ivy, usinilipe. Lakini usiuimbishe na ile randa."

Phanice aliupandisha kwenye mabati kama ile mingine, akausikiliza juani mbele ya mwenyewe. Zachary alijifanya ameudhika.

Siku kitanda kiliporudi chumbani, ilikuwa mchana wa joto na mabati ya paa yalikuwa yakilia. Phanice alikaza nati ya mwisho, akatandika shuka ya maua, kisha akapiga magoti akasikiliza miguu yote minne tena, hapo hapo, kwenye joto. Kiplangat alikuwa ameegemea mlango. Asubuhi mkewe angesikiliza stoo, alijua, na sasa mchana angesikiliza na hapa, na angefanya hivyo mpaka uzee, na hakuna mtu angemwambia ni kazi bure.

Ivy alipanda kitandani akakaa katikati, mgongo kwenye ule msalaba. Tangu afike hakuwa amemwuliza Phanice swali hata moja. Alikuwa akijibu anapoulizwa, akisema asante, akinyamaza. Sasa alimtazama akiwa bado amepiga magoti pale chini, sikio kwenye mguu wa kitanda.

"Na wakirudi?"

Phanice aliinua kichwa.

"Nitawasikia," alisema.